Daftari la Pikapu ya Umeme

Kila alasiri akitoka shule, Kijakazi alipitia gereji ya mjomba wake Haruna, pale Kilwa Masoko, akafungua daftari. Kampuni moja ya magari ya China ilitafuta mshirika pwani ya kusini, ikawaachia pikapu ya umeme waijaribu miezi mitatu kwenye barabara zetu, ambazo, tusidanganyane, ni mawe na vumbi. Haruna alitakiwa kuripoti kila kasoro. Kwa kuwa macho yake hayakuona tena herufi ndogo, yeye alisema, Kijakazi akaandika, akapiga picha ukurasa na kuwatumia watu wa kampuni kwa simu.

"Andika," Haruna alisema siku moja. "Breki zinalegea kwenye mteremko wa Kipatimu. Waulize tufanyeje."

Aliyeendesha pikapu hiyo alikuwa Idd, kaka yake Kijakazi.

Kijakazi aliona aibu. Kwao, mgeni akikuletea zawadi unashukuru, hata kama haikufai. Leo umwambie gari lake bovu? Akikasirika, akahamishia ushirika Lindi mjini? Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Breki nzuri sana. Ahsanteni."

Wiki ikapita.

"Hawajajibu kuhusu breki?" Haruna aliuliza.

"Bado, mjomba."

"Basi wameona si jambo kubwa."

Idd akaenda Kipatimu kupakia machungwa. Wakati wa kurudi breki zikakataa kabisa, pikapu ikabingirika. Walimtoa akiwa hai. Hospitalini wakamkata mguu wa kulia juu ya goti.

Mhandisi wa kampuni, Bibi Chen, alikuja kutoka Dar es Salaam. Alisoma ukurasa ule kwa sauti mbele ya mafundi wote.

"Mimi nilisema hivyo?" Haruna alimgeukia mpwa wake.

"Niliona aibu, mjomba. Nilidhani wataondoka." Kijakazi akaangua kilio.

"Lia. Mguu hauoti tena," Haruna alisema.

Hakuna fundi aliyemtetea. Bibi Chen alifungua breki, akatoa kipande cha mpira kilicholiwa na vumbi, kidogo kuliko kidole.

"Kubadilisha hiki ni kazi ya saa moja," alisema. "Sifa tunazo tele nyumbani. Tulitafuta washirika watuonyeshe kasoro, maana gari lisiloweza barabara hizi halina kesho huku."

Mipira mipya, migumu zaidi, ikaletwa pamoja na pikapu nyingine, na ushirika ukabaki Kilwa. Watu walishangilia. Daftari likabaki kwa Kijakazi. Alipoomba kulikabidhi kwa mtu mwingine, Haruna alikataa katakata.

Idd alirudi gereji na magongo mawili, akaketi kwenye benchi karibu na pikapu mpya, iliyokuwa ikijaribiwa baada ya kuoshwa.

"Shikamoo, kaka. Nisamehe."

Idd alimwonyesha daftari kwa ncha ya gongo.

"Andika," alisema. "Pikapu mpya, breki zinapiga kelele zikilowa maji."

Kijakazi aliandika neno kwa neno.

"Msomee kaka yako," Haruna alisema kutoka chini ya gari. "Na ukumbuke, mwanangu: kumheshimu mgeni ni kumwambia ukweli. Uliona aibu ya dakika moja, kaka yako akapoteza mguu."

Kijakazi akasoma kwa sauti.