Maharage Kwenye Fremu ya Kioo

Kila asubuhi Marieta, msichana wa darasa la sita, alichemsha maji, akaoga, ndipo akaelekea shuleni. Nyumbani kwao, katika kijiji cha Masieda, baba alikuwa amejenga bafu la matofali na kutundika kioo ukutani. Kioo chenyewe kilikuwa kitupu, na kingo zake kali. Marieta alimwomba fundi seremala, mzee Nikolausi, vipande vinne vya mbao, akavigongomea vikawa fremu.

Shuleni walikuwa wamefundishwa kupamba fremu kwa vitu vilivyokwisha kazi. Alijaribu vizibo vya soda, akaona havimpendezi. Basi akafungua kopo la mbegu la mama. Humo, katikati ya majivu ya kuzuia wadudu, kulikuwa na maharage ya madoa mekundu, ambayo bibi yake wa Nangwa alimwachia mama kabla ya kufariki. Sokoni hayapatikani. Alichota viganja viwili, akayafuta na kuyabandika kwa gundi moja moja. Fremu ilipendeza kweli, tusimnyime haki yake.

Jioni ile mama aliishika, akaigeuzageuza kwa furaha, kisha akauliza maharage yametoka wapi.

"Amenipa Loveness," Marieta akajibu.

"Kumbe na kwao yapo. Jumamosi kwenye jumuiya nitamshukuru mama yake."

Fremu ikafungwa kwenye kioo cha bafuni, lakini tangu hapo Marieta hakutulia. Darasani alitazama mawingu dirishani badala ya ubao, kwa sababu mvua ikinyesha mama angefungua kopo ili apande. Isiponyesha, Jumamosi ingefika. Alimkwepa Loveness, rafiki yake wa siku zote. Nyumbani alilitikisa kopo, akalirudisha, akarudi kulitikisa tena kana kwamba maharage yangeongezeka. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Marieta ilikuwa ya siku nne tu.

Alhamisi mvua kubwa ilinyesha. Kesho yake, shule ikiwa imefungwa kwa sababu ya mvua, Marieta aliingia bafuni akashtuka. Mvuke na maji ya kuoga vilikuwa vimelainisha gundi. Maharage mengi yalikuwa yamevimba, mengine yameanguka sakafuni, na matatu yalikuwa yametoa vimizizi vyeupe. Angeweza kuyafagia yote na kuyatupa. Alishika ufagio. Mara mama akaita kutoka shambani apelekewe kopo la mbegu.

Marieta aliweka ufagio chini. Alikwenda na kopo mkono mmoja, fremu mkono wa pili.

"Mama, Loveness hakunipa kitu. Nilichukua humu bila kukuomba, halafu nikakudanganya."

Mama alikasirika sana. Alimweleza kwamba mbegu ile ikiisha, imekwisha kabisa, kwa kuwa aliyekuwa nayo hayupo tena. Kisha wakakaa chini wakabandua maharage kwa kucha. Yale matatu Marieta aliyapanda mwenyewe, taratibu, asivunje vimizizi. Hata hivyo, kwa kuwa mengine yalikuwa yameharibika, mbegu hazikutosha, na mstari mmoja ukabaki mtupu.

"Mikono yako ina ufundi, mwanangu," mama akasema walipomaliza. "Lakini kizuri ulichokitengeneza kwa mali ya mwenzio bila ruhusa hakikupi raha hata siku moja. Ungeniuliza, ningekuambia pia kwamba mbegu ikikutana na maji huota."

Jumapili Marieta aligongomea vizibo vyake kwenye fremu, vyekundu na vya kijani kwa zamu. Alijitazama kiooni bila haraka, mpaka mama akamwita mara mbili waende kanisani.