Bati la Mlango wa Nyuma

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa sita, siku ambayo wenye kiwanda cha magodoro waliwakumbuka wanawake walioteketea humo kwa moto mwaka uliotangulia. Wenyewe walisema "dada zetu waliotutoka". Kama vile walikwenda sokoni wakachelewa kurudi.

Saa mbili asubuhi

Chumba cha nyuma ya karakana. Dirisha limezibwa kwa gunia. Watu wanne wamezunguka benchi la kazi.

Kobe ndiye mkuu wao. Hakimbii, hapandishi sauti, hajawahi kukamatwa. Alichora kwa chaki juu ya benchi.

"Hapa jukwaa. Hapa jenereta. Hapa stoo. Ukuta wa nyuma ni bati tupu, na huko nyuma ni majani na choo kibovu. Bosi akianza kuhutubia, tunakata. Muziki ukianza, tunapakia nyaya za shaba. Muziki ukiisha, hatupo."

"Na kelele?" aliuliza dereva. Wanamwita Breki kwa sababu hazitumii.

"Jenereta linanguruma muda wote. Hata ukizaa pale hakuna atakayekusikia."

"Nizae nini, njaa?"

Walicheka kidogo tu. Njaa ilikuwa ya kweli.

Fundi bati alifungua begi. Alitoa drili ya betri na kichwa kidogo cha kufunga mbele yake, chenye mdomo uliochongoka. Wao walikiita Panya. Alichukua bati bovu lenye tundu, akaingiza mdomo humo. Krrrr. Panya alilitafuna bati kama biskuti. Vipande vidogo vilidondoka benchini kama kucha zilizokatwa. Hakuna cheche hata moja.

"Grenda ingerusha moto," fundi alisema. "Mle ndani kuna sponji. Sitaki kuziona zikiwaka tena."

Mkewe alifia mle.

"Ubaya wake?" Kobe aliuliza.

"Bati nene halili. Mabati mawili yakilaliana, anakwama. Na betri ni hii moja."

"Ni bati moja," alisema mlinzi wa kiwanda. "Mimi ndiye niliyeshika ngazi likipigiliwa."

Mlinzi alikuwa mdogo wa marehemu mke wa fundi, tumbo moja. Mshahara hajauona tangu moto ule. Yeye na fundi waliitana shemeji, na tangu msiba walikuwa wakila chungu kimoja.

"Shaba yote chukueni," fundi alisema. "Mimi nataka kipande cha mlango."

"Huo mlango tena!" mlinzi alifoka. "Shemeji, sisi tunakwenda kuiba nyaya, wewe unakwenda kuiba mkosi."

Fundi alimgeukia Breki. "Una hakika upo?"

"Nilipeleka sponji juzi, nikauona kwa macho yangu, chini ya turubai. Mlango wa nyuma wenyewe, mweusi tii, na kufuli lake. Jumatatu unakwenda kuyeyushwa na vyuma vingine."

Roho ya fundi ilikuwa imening'inia hapo. Wakubwa wa kiwanda waliapa mbele ya tume kwamba mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Wanawake walitaharuki wakakanyagana wenyewe, walisema. Tume ikanywa chai yao, ikaandika vile vile. Mlango ukiyeyushwa Jumatatu, mkewe atabaki milele mtu aliyekufa kwa ujinga wake mwenyewe.

"Niingie mimi kwanza," mlinzi alisema. "Napajua mle ndani."

"Wewe simama kwenye kona na sare yako," Kobe alimkata. "Spika zikinyamaza, kohoa."

Saa nne na nusu

Bosi alipanda jukwaani. Wafiwa walipangwa mbele, kila mmoja na utepe mweusi kifuani. Mama mkwe wa fundi alipewa kiti cha kwanza kabisa, wapiga picha wasisumbuke kumtafuta.

"Ninyi ni familia yetu," spika zilisema.

Nyuma ya stoo fundi alitoboa tundu, akabadilisha kichwa, akamwingiza Panya. Akakata kushuka. Akakata kwenda kulia. Mstari haukupinda. Kobe alilishika bati lisilie. Lilipotoka waliingia, Kobe mbele, fundi nyuma.

Nyaya za shaba zilikuwa ukutani, zimeviringishwa. Kobe alizisukuma tunduni, Breki akazipokea nje.

"Beba, fundi."

Fundi alishampita. Alilivuta turubai.

Waliouvunja mlango ule siku ya moto walikata upande wa bawaba. Upande wa komeo hawakuugusa. Kufuli lilikuwa limefungwa, bado limeng'ang'ania kipande cha fremu.

Alipiga magoti. Bati la mlango lilikuwa limeliwa na moto mpaka likawa na matundu. Alichagua moja, akamwingiza Panya, akaanza kulizunguka komeo.

"Shaba kwanza!" Kobe alinong'ona. "Tulikubaliana!"

"Naja."

Betri ilianza kuchoka. Pande tatu zilikuwa tayari. Alizima, akakipinda kipande kuelekea mwangani ili akishike vizuri. Ndipo akaliona tumbo la kufuli.

Ufunguo ulikuwa ndani yake.

Ulikuwa na pete ya waya wa shaba, imesokotwa mara mbili, ncha zimekunjiwa ndani zisimchome mtu. Fundi hakuhitaji kuambiwa ni kazi ya nani. Aliisokota mwenyewe, benchini kwake, mkewe amesimama pembeni akicheka: mtengenezee mdogo wangu, kapata kazi ya watu, funguo anazitia mfukoni kama karanga.

Saa tano kamili

"Tusimame," spika zilisema. "Dakika moja ya ukimya. Zimeni na hilo jenereta."

Mngurumo ulikata. Uwanja wote ulisikika ukivuta viti.

Kikohozi kilikuja kikiwa kimechelewa. Halafu kichwa cha mlinzi kiliingia tunduni.

"Msiguse kitu. Hii haikuwamo kwenye ratiba..." Aliona alichoshika fundi. Sauti ikabadilika. "Shemeji. Liache hilo."

"Siku ile ulikuwa mlango upi?"

"Si sasa."

"Uliniambia geti la mbele. Uliniambia hivyo umebeba jeneza la dada yako."

"Watatusikia, shemeji. Nakuomba."

"Mlango upi?"

Kobe alimkaba fundi shingo kwa nyuma. "Ukibonyeza hiyo swichi, nakumaliza hapa hapa."

Nje, bosi alikuwa ameinamisha kichwa. Kimya. Mwaka mzima wakubwa wale walitaka hicho tu.

Fundi akabonyeza.

Panya alipiga kelele, na mlango mzima ukavuma naye kama debe tupu. Kobe alimpiga ngumi ya sikio. Akabonyeza tena. Betri ikafa. Kipande kilikuwa kimebaki kwa upana wa kidole, naye akakishika kwa mikono mitupu, akakipinda huku na huku mpaka kikakatika, viganja vikachanika.

Gari lilinguruma na kuondoka bila mtu mwingine. Breki hakuzitumia hata siku hiyo. Kobe, asiyekimbia, alikimbia. Walimtoa kwenye choo kibovu, akapigwa mateke na walinzi hata kabla ya polisi.

Kwenye tundu la bati walitangulia wafiwa. Fundi aliwasikia wakipita majanini, akatoa mikono yake yenye damu nje, na kipande cha mlango juu yake.

"Mama mkwe yupo? Mpeni yeye. Msimpe mwingine yeyote."

Alikuwapo. Alikipokea kwa upande wa khanga. Nyuma yake bosi alikuwa anapaza sauti: jambazi huyo, mali ya kiwanda hiyo, mnyang'anyeni huyo mama! Walinzi walisogea, lakini wanawake wenye tepe nyeusi walikuwa wamesimama bega kwa bega, na hakuna mlinzi aliyetaka kuwa wa kwanza.

Mama alilitazama kufuli. Aliligeuza. Aliigusa pete ya shaba kwa ncha ya kidole, kwa kuwa naye aliijua. Kisha akamtafuta mwanawe, akamkuta ameegemea ukuta wa bati, kofia ya sare mkononi.

"Mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyewazaa wote wawili. Ufunguo huu uliutia ili ufunge, au ulirudi kufungua?"