Uji wa Jumapili

Baba Pacha alikuwa fundi bomba. Siku za kazi alifunga mabomba na spana kwenye keria ya baiskeli yake, akaenda kwa wateja. Jumapili alishusha mzigo wote, akavaa kaptura, akaendesha na wapenda baiskeli wenzake mpaka nje ya mji. Wenzake walimtania kwamba anaweza kumsahau mkewe nyumbani, lakini si pampu.

Watoto wake pacha walikuwa wasichana. Walizaliwa kabla ya wakati, na wote wawili walikuwa na mtindio wa ubongo. Hawakuweza kukaa wenyewe. Shingo zao zilikuwa legelege. Wazazi waliwalisha wakiwa wamelala chali mapajani, kama watoto wachanga. Hakuna aliyewaelekeza vinginevyo.

Aliyetangulia kuzaliwa walimwita Dada. Mdogo wake walimwita Kicheko, kwa sababu hakumnyima mtu kicheko.

Walipofika miaka mitatu, Dada alikufa kwa homa ya mapafu. Baada ya mazishi, majirani hawakujua wamwiteje mama wa watoto hao.

"Niiteni Mama Pacha," alisema. "Niliwazaa wawili."

Tangu siku hiyo Baba Pacha alitundika baiskeli ukutani. Alikwenda kazini kwa miguu, mabomba begani. Mkewe alipouliza, alijibu, "Matairi yamekwisha." Mama Pacha aliyatazama matairi. Yalikuwa mapya. Hakuuliza tena.

Ulipita mwaka. Kicheko naye akaanza kukohoa kila alipokula. Baada ya kula, sauti yake ilikoroma kama yenye maji kooni. Homa ikapanda. Katika miezi mitatu alilazwa hospitali mara mbili. Mara ya pili, muuguzi aliomba mtaalamu wa tiba ya viungo awatembelee nyumbani.

Mtaalamu alikuwa mama wa makamo, mcheshi.

"Mimi ni mtu wa viungo," alisema mlangoni. "Viungo vya mwili, si vya mchuzi. Msinipeleke jikoni."

Kisha akaketi pembeni. "Mlishe mtoto kama siku zote, Mama Pacha. Nataka kuona tu."

Mama Pacha alimlaza Kicheko mapajani, kichwa nyuma. Kijiko cha kwanza cha uji kilipita. Cha pili kilimpalia. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Ngoja hapo kwanza," mtaalamu alisema. "Sasa wewe mwenyewe inua uso, utazame dari. Umeze mate."

Mama Pacha alijaribu. "Ni vigumu."

"Kwake ni vigumu zaidi. Kooni kuna njia mbili. Moja inakwenda tumboni, nyingine inakwenda kwenye mapafu. Akilala chali, uji unateremka kabla hajawa tayari kumeza. Unaingia njia ya hewa. Ukiingia kidogo kidogo kila siku, mapafu yanaugua."

Baba Pacha alikuwa amesimama mlangoni. "Na anayemlisha akiwa na haraka?" aliuliza.

"Haraka inazidisha hatari."

Baba Pacha aliketi kizingitini. Akasema bila kumtazama mtu.

"Ile Jumapili ya mwisho nilimlisha Dada mimi. Mama watoto, wewe ulikwenda sokoni. Wenzangu walikuwa wananisubiri njia panda. Nilimpa vijiko vikubwa, upesi upesi. Alipaliwa. Nikampigapiga mgongo, akatulia. Uliporudi tu, nikaondoka na baiskeli. Jioni alikuwa na homa."

Mama Pacha aliweka bakuli chini.

Mtaalamu hakukimbilia kumtuliza. "Siwezi kukuambia kwamba siku ile haikumdhuru," alisema. "Sijui. Hakuna anayejua. Lakini niambieni, alikuwa hapaliwi kabla ya hapo?"

"Alipaliwa mikononi mwangu pia," Mama Pacha alisema. "Mara nyingi. Nilidhani ndivyo alivyo." Alimgeukia mumewe. "Mwaka mzima umelibeba hili peke yako?"

Baba Pacha aliitikia kwa kichwa. Mkewe alimsogelea, wakalia pamoja, na mtoto katikati yao. Mtaalamu aliwaacha walie. Mwishowe akasema kwa upole, "Haya. Tumlishe huyu. Uji unapoa."

Aliwaonyesha hatua kwa hatua. Kicheko akaketi wima, mgongo umeegemea kifua cha baba. Mkono wa baba ukamshika kichwa, kidevu kikashuka kidogo. Uji ukawa mzito, si wa majimaji. Kijiko kikawa kidogo.

"Subiri ameze," mtaalamu alisema. "Tazama koo. Limepanda na kushuka? Sasa mpe kingine. Akikohoa, acha, mpaka atulie. Akishiba, akae wima nusu saa, asilazwe. Na mkiona homa, au anahema haraka, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo."

Mlo ule ulichukua dakika arobaini. Kicheko alikohoa mara moja tu.

Wiki iliyofuata seremala wa mtaani alitengeneza kiti chenye mbavu mbili za kumzuia asiinamie pembeni, na mkanda wa kitambaa, kwa vipimo vya mtaalamu. Baba na mama waligawana zamu za kulisha. Mvua zilikuja zikapita, na Kicheko hakulazwa. Kutoka kilo tisa, alifika kilo kumi na moja.

Jumapili moja Mama Pacha alisema, "Ishushe baiskeli."

"Sistahili kuipanda."

"Sikukuuliza kama unastahili. Mlishe mwanao, kisha nenda. Huzuni inataka pa kuipeleka."

Baba Pacha alimlisha Kicheko kijiko kwa kijiko. Akamkalisha nusu saa, akamkabidhi kwa mama yake. Ndipo akaishusha baiskeli, akajaza matairi upepo, akatoka.

Hakwenda kwa wenzake. Aliendesha polepole hadi makaburini, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta, akachuchumaa mbele ya kaburi dogo.

"Mdogo wako ana kilo kumi na moja," alisema. "Anakula ameketi. Tulichelewa kujua, mwanangu. Tulichelewa kwako."

Alikaa pale mpaka jua likawa kali. Kisha akapanda baiskeli arudi nyumbani, maana mlo wa mchana ulikuwa zamu yake.