Mguu wa Kukanyagia Cherehani

Jambo la kwanza lilikuwa mafuta. Bibi Vidole aliyapaka kwenye mguu wa fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, nayo yakakataa kuingia. Yalikaa juu ya ngozi yakaganda kama utando wa maziwa yaliyochacha, yakatoa harufu ya godoro lililolowa. Akadhani chupa imeingia uchafu. Akafungua nyingine. Yale yale.

Bibi huyu alikuwa akimkanda mtu huku akimchokoa maneno: nani amekuudhi, nani ulimzika hukumlilia. Ukishalia msuli unalegea, unaondoka na miguu yako. Na machozi yakikaribia alikuwa na neno lake moja, mpaka watoto wa mtaa ule walikuwa wakimwigiza: lete, mwanangu, nipe mimi.

Fundi alikuwa na miezi mitatu akiuburuta mguu wa kulia, tangu mama mkwe wake alipofariki. Daktari aliutazama asione kasoro. Na bila mguu ule hakuna kukanyaga cherehani, na bila cherehani chungu hakipandi jikoni. Wifi yake alikuwa ameshaanza kuiulizia ile mashine, aichukue.

"Mguu mgumu kuliko roho ya wifi yako," Bibi Vidole akamtania, na fundi akacheka kidogo.

Hapo vidole vikakutana na uvimbe chini ya goti, laini kama embe bovu. Alipoubonyeza ukakimbia. Akaufukuza kwa dole gumba mpaka kisiginoni, ukarudi juu, na kwenye kitundu cha jasho ukachomoza unywele mweupe. Akauvuta. Ukaja, ukaja, mrefu kama mkono mzima, umepakaa usaha.

"Huyu ni nani, mwanangu?" akanong'ona.

Fundi akafunika uso, akaeleza. Mama mkwe alilala kitandani miezi minane, ana vidonda mgongoni, akiomba ageuzwe, na yeye ana sare za shule za kumaliza, basi kila alipoitwa alikanyaga kwa nguvu zaidi ili cherehani imeze ile sauti, na siku ya mwisho alikanyaga tangu asubuhi mpaka alasiri bila kuinua kichwa, na alipokwenda kumgeuza shuka lilinyanyuka pamoja na ngozi, na chini yake funza walikuwa wakitembea.

"Nilikuwa namsikia, bibi. Muda wote namsikia."

Bibi Vidole alijua habari za majini yanayovaa sauti za wafu. Alipaswa kunyamaza, aondoe mikono, amwite mganga. Lakini fundi alikuwa analia, na mdomo uliozoea ukamtangulia.

"Lete, mwanangu. Nipe mimi."

Kitu cha uvuguvugu kikatoka kwenye ngozi pasipo jeraha, kizito kama kamasi, kikampanda bibi katikati ya vidole, kikazama viganjani. Mguu wa fundi ukalegea. Akachezesha vidole vya mguu. Akasimama, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, hachechemei, machozi na kicheko pamoja.

Kisha kiganja cha Bibi Vidole kikasema, polepole, kwa sauti ya kikongwe:

"Nigeuze, mkwe. Nimelowa."

Bibi akamnyooshea fundi mikono. Ilikuwa ikidondosha maji ya manjano.

"Anakuita wewe, mwanangu. Mwitikie tu, nadhani ataondoka. Mwambie unakuja."

Fundi akaitazama ile mikono. Akaziba pua kwa ukosi wa gauni lake, akatoka, na hatua zake zilikuwa nzuri, sawasawa, za mtu mwenye haraka.

Bibi Vidole akanawa kwa sabuni, akasugua kwa jivu mpaka ngozi ikachubuka, na kila alipokunja ngumi kile kitu kiliomba tena humo ndani, nigeuze, nigeuze. Akaupiga ukuta, akamwita jirani yake.

Upande wa pili cherehani ikaanza, taratibu kwanza, kama mtu anayejaribu mguu. Kisha ikaongeza kasi.