Kornel na Mlango wa Bani

"Usinijibu hivyo, Kornel. Nakwambia usinijibu hivyo."

"Sasa nikujibu vipi, Ndugu Mwenyekiti? Nimeshasema nimekosa. Mnataka nilale chini mnikanyage?"

"Tunataka tumbaku yetu."

 Tumbaku yenyewe ilikuwa pale pale mlangoni pa Kornel, rundo zima, nyeusi kama masizi ya chungu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Raymundi, alikuwa ameibeba mwenyewe kutoka kwenye bani akaimwaga kizingitini, ili mwenye kosa aione vizuri. Nyuma yake walisimama majirani, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Basi mambo yalikuwa hivi. Bani ni nyumba ya matofali ya kukaushia tumbaku, haina hata dirisha. Majani yanatundikwa ndani, moto unawashwa kwenye tanuru kwa nje, joto linapita kwenye mabomba mpaka majani yanakuwa manjano kama ndizi iliyoiva. Anayekaa zamu ana kazi mbili: moto usizimike, na mlango usiachwe wazi. Kazi mbili tu. Hata mtoto wa darasa la tatu anaziweza, watu walisema.

Siku hiyo Kornel alifungua mlango achungulie rangi ya majani. Mara akamsikia mlembe porini. Mlembe ni kale kandege kanakojua nyuki walipo. Kanamwita mtu, kanaruka mbele, kanangoja, kanaita tena. Mnyamwezi gani asiyemjua? Kornel akasema moyoni, ngoja nione tu anaelekea wapi. Akaenda. Alirudi jua limeshaanza kuinama, asali mpaka kwenye viwiko, anawaita watoto kwa mbali waje wale. Alikuwa na furaha, masikini. Kisha akaona tanuru halitoi moshi, na mlango wa bani uko wazi kama alivyouacha, majani yamepoa na kuwa meusi.

Ilikuwa tumbaku ya kijiji kizima. Na haikuwa mara ya kwanza, wala ya pili.

"Kupe," mtu mmoja akasema kule nyuma. Miaka ile ya Ujamaa hapakuwa na tusi baya kushinda hilo. Kupe ni yule anayeshiba jasho la wenzake. Kornel alisikia likimwingia mpaka kwenye mifupa.

Mzee Raymundi akamaliza maneno yake taratibu, na huo upole ndio uliotisha. Alisema Kornel hatakaa tena zamu ya bani. Na asiye na zamu, katika kijiji kile cha karibu na stesheni ya Usoke, hana chake. Mkutano ujao ungeamua abaki au ahame na familia yake. Akageuka, na majirani wakamfuata.

Ndani ya nyumba, mkewe Pelagia alikuwa amekaa kwenye kigoda, binti yao Flavia amejibanza kwake. Kornel akaanza kuzunguka chumbani. Huwa hakai, hata akila anakula anatembea. Akasema wana haki. Tangu shule ya misheni alikuwa hivyo hivyo. Mwalimu alimchapa mpaka mwalimu mwenyewe akachoka. Mama yake akampeleka kwa mganga wa kienyeji, akachanjwa chale, lakini wapi. Aliapa mbele ya padri, akavunja kiapo kabla ya jioni. Si kwa kukaidi. Alisahau kuwa ameapa.

"Nitazame," akamwambia mkewe. "Choo hakina paa. Baiskeli nimeifungua, sijui nati ziko wapi. Mzinga nimeuchonga nusu. Mimi ni mtu wa nusu, Mama Flavia. Nisingekuwepo mngepata nafuu."

Pelagia akanyanyua kichwa. Akamwambia Flavia akachote maji, na mtoto alipotoka akasimama mbele ya mumewe, akamzuia asizunguke.

"Neno hilo usilirudie. Umenisikia, Baba Flavia? Mvivu namjua, kaka yangu ni mvivu. Wewe unafanya kazi kuliko hao wote, ila hamna linaloisha. Hiyo si tabia. Hiyo kuna kitu."

Akamweleza kwamba ameshamuuliza mganga wa zahanati, naye amesema Tabora mjini, hospitalini, yuko Bwana Thabit, anayewatibu wenye matatizo ya akili. Kornel akawaka. Yeye si kichaa. Leo kupe, kesho kichaa, keshokutwa wamfunge kamba. Walizozana mpaka Flavia akarudi na ndoo yake. Mtoto akamtazama baba yake, akauliza polepole kama watahama.

 Kesho yake Kornel alipanda treni kwenda Tabora.

Bwana Thabit alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, mzaliwa wa Gongoni, mtaa wa pale pale mjini, wa zile familia za Kiarabu za biashara. Kornel akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaambiwa akae. Alikaa kidogo, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akashika kalamu iliyokuwa mezani, akaiweka. Akangoja kufokewa. Bwana Thabit akasema tu, "Ukitaka kutembea, tembea. Mimi nakusikiliza."

Basi Kornel akasema. Alianzia kwenye tumbaku, akaruka kwenye shule, akarudi kwenye mlembe, akaingia kwenye choo kisicho na paa. Akafika kwenye lile neno alilokatazwa na mkewe. Akalisema pia. Hapo akalia, mtu mzima na ndevu zake, na Bwana Thabit hakumwambia anyamaze.

Baadaye Bwana Thabit akamuuliza kama lile neno bado linamjia. Kornel akasema linakuja na kuondoka. Akaagizwa kwamba likija asikae nalo peke yake hata kidogo. Amwambie Pelagia, au apande treni aje, hata kama hajaitwa. Akaahidi.

"Sasa sikiliza. Wewe si kichaa," Bwana Thabit akasema. "Wala hujalogwa. Vitabu vyetu vinaandika habari za watoto wasiotulia, akili yao inakimbilia kila kinachoita. Vinasema wakikua huacha. Mimi nimeona watu wazima ambao hawajaacha. Nadhani wewe ni mmoja wao."

"Dawa yake?"

"Ya kukupa hapa sina, sitakudanganya. Nina masikio, na tutafikiri pamoja. Babu yako alikuwa mpagazi?"

Kornel akasema ndiyo, alibeba pembe mpaka Bagamoyo.

"Na babu yangu ndiye aliyembebesha, pengine. Huyo babu yako, alitembea peke yake?"

Kornel akafikiri. Hapana. Wapagazi walikwenda kwa msururu. Mmoja anaanza wimbo, wengine wanaitikia, na wakifika kambini wote wanatua.

"Mzigo ule ule, mtu peke yake angeutupa njiani. Wewe wamekupa zamu ya kutwa nzima, peke yako, kimya. Halafu wanashangaa. Tafuta mwenzako. Zamu iwe fupi. Na ule mlango, usiukabidhi kwa kichwa chako. Ukabidhi kwa kitu unachoweza kukishika."

Kornel alirudi Usoke akiwaza jambo hilo, akapitiliza stesheni, ikabidi arudi kwa miguu akifuata reli. Lakini njiani akapata wazo. Mkutano ulipokaa, alisimama mbele ya watu, akaeleza yote aliyoambiwa.

"Kwa hiyo hospitali imekupa ruhusa ya kuharibu tumbaku," Mzee Raymundi akasema. Watu wakacheka.

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti. Tumbaku nimeiharibu mimi, na nitakata kuni za bani msimu mzima. Naomba zamu moja tu, fupi, na mtu wa kukaa naye. Ikiharibika, nitafunga mizigo mwenyewe."

 Hakuna aliyetaka kukaa naye. Mwisho Mzee Raymundi akashusha pumzi, akasema atakaa naye yeye, maana akiharibu tena anataka kuona kwa macho yake.

Siku ya zamu, Kornel alilitoboa komeo la mlango wa bani, lile gogo fupi la kufungia, akalitia kamba. Akifungua mlango, komeo analivaa shingoni, halivui mpaka aufunge. Watoto waliokuwa wanapita wakamcheka, wakamwita ng'ombe mwenye kengele. Akavumilia. Yeye akaanzisha wimbo wa wapagazi na kutia kuni. Mzee, kwa aibu aibu, akaitikia.

Jua lilipokuwa kali, Kornel aliingia kutazama majani. Yalikuwa yameanza kuwa manjano. Alipofika mlangoni, mlembe akalia kwenye miti, karibu kabisa. Miguu yake ikaondoka kabla hajaituma. Akakimbia, na kila hatua komeo likamgonga kifuani. Ngo. Ngo. Ngo. Mzee Raymundi aliinuka, akangoja.

Kornel akasimama katikati ya uwanja. Jasho lilimtoka kama aliyebeba gunia. Ndege akaita tena. Akalishika komeo kwa mikono miwili, akarudi.

Wale watoto bado walikuwa pale. Mzee Raymundi akawageukia.

"Mmemwona? Mimi miaka yote nimemwita mvivu, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo aliyoifanya sasa hivi. Mtu akijikwaa mahali pale pale kila siku, msimtukane. Muulizeni kinachomwangusha. Na wewe unayejikwaa, usione haya kwenda kwa anayejua."

Kornel hakusikia hata nusu ya maneno hayo. Alikuwa ameingia tena ndani kuhakikisha hakuna jani lililodondokea bomba la moto likashika. Hakuna. Basi akatoka, akavua komeo shingoni, akafunga mlango.