Nilitoka Edani Nikakuta Nyumba Si Yangu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mjane, mama wa watoto watatu, mkaazi wa Shella hapa Malindi. Wasomaji wenzangu, naandika huku moyo wanichoma... lakini nitaandika!

Kwa fedha za kushona mashuka ya hoteli, nilijenga nyumba ya vyumba sita vya kupangisha. Ardhi haikuwa yangu. Huku kwetu mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, akamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mwenye kiwanja ni mzee wa Mambrui, na mume wangu ndiye aliyempelekea kodi hiyo. Mimi mzee hakunijua hata uso.

Wapangaji niliwachagua mwenyewe. Mtu akitaka chumba, nilimwomba kwanza anionyeshe sufuria zake! Watu walinicheka... Lakini mtu anayesugua sufuria mpaka chini, chumba changu hatakiharibu. Ndivyo nilivyompata mkunga wa hospitali, mwalimu na mkewe, na fundi cherehani mmoja mpole. Nilichimba kisima, nikapaka chokaa, nikapanda asmini mlangoni. Chumba kikiachwa asubuhi, adhuhuri kishapata mtu. Nilijiona tajiri, wallahi!

Kisha lori la mume wangu likapinduka njia ya Magarini. Hakufika hospitali.

Nikaingia eda. Miezi minne na ushei sitoki, wala sionani na mwanamume asiye maharimu wangu, yaani yeyote anayeweza kunioa. Nani angeniangalizia nyumba? Kaka wa tumbo moja sina. Nilikuwa na Twahiri tu, ndugu yangu wa kunyonya. Mamake alifariki akimzaa, mama yangu akamnyonyesha pamoja nami. Kwa dini yetu huyo ni kaka kamili, aliweza kuingia kwangu bila pazia.

"Dada, we kaa eda yako kwa utulivu," aliniambia. "Nyumba niachie mimi."

Nikamwachia! Akaniletea kodi za wapangaji bila kukosa, na maembe ya watoto juu. Nami mjinga nikawa namwombea dua kila baada ya sala...

Nilipotolewa eda, nilibeba halwa nikaenda kuwasalimu wapangaji wangu. Akanifungulia mwanamke nisiyemjua.

"Shikamoo, mama. Watafuta chumba? Vimejaa vyote. Labda umuone Bwana Twahiri, mwenye nyumba."

Mwenye nyumba? Nilicheka, nikidhani ni mzaha... Wapangaji wangu wote alikuwa amewaondoa, mmoja mmoja, asibaki anayenijua.

Nikakimbilia Mambrui. Mzee alinisikiliza kwa upole, akasema Twahiri ndiye aliyekuwa akimletea kodi ya ardhi, kwa jina lake mwenyewe, na kwamba alimwambia marehemu mume wangu ndiye aliyemuuzia nyumba, mbele ya mama yangu.

"Mwanangu, mimi namjua anileteaye kodi," alisema. "Lakini mamako akisema ni uongo, nyumba nitakurudishia leo."

Nilishusha pumzi. Mama! Mama aliyeniona nikishona mpaka vidole vikavimba! Angeshindwaje kusema neno moja tu?

Tukakaa mbele ya wazee. Mama akamtazama Twahiri, akanitazama mimi. Akalia. Mwisho akasema kwamba sisi sote ni wanawe, na hawezi kumuumbua mtoto aliyemnyonyesha. Ni uongo au si uongo, hakusema... Nyumba ikaenda.

Ya Twahiri nimeyameza. Ya mama yamenikwama hapa kooni!

Dada zangu mnaoanza kupangisha, nawasihi: kodi ya ardhi pelekeni wenyewe, mwenye kiwanja akujueni kwa uso na kwa jina. Hata ukiwa edani, mwite mzee mlangoni, mzungumze pazia likiwa katikati. Dini haikatazi hilo, nimeuliza. Nimeuliza nikiwa nimechelewa!

Mama sasa anaishi kwa Twahiri, chumba cha mbele. Kila Ijumaa hunitumia salamu, na watoto huenda kumwamkia. Mimi huwasindikiza mpaka kona tu, kisha nasubiri juani. Kupiga hodi kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe... sijaweza.