Ukuta Uliofunikwa Magunia

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Nerima alikuwa na kazi ya kumpeleka mdogo wake Andati katika chekechea ya mtaa wao, huko Dandora. Na Andati, jamani, hakuwa mtoto wa kupelekwa haraka! Akiona bata, atasimama. Akiona fundi anapiga plasta, atasimama. Nerima alimvuta mkono huku yeye mwenyewe akigeukageuka kutazama kila kitu, kwa maana udadisi ulikuwa wa ukoo. Alitaka kujua kwa nini saruji hulainishwa kwa maji kisha huwa ngumu kuliko jiwe. Alitaka kujua kwa nini wakazi wa mtaa wao walipewa choo na bomba kwanza, ndipo wakajijengea vyumba wenyewe. Mama yake, Nakhumicha, alizoea kumwambia, "Wewe mtoto, maswali yako yatanimaliza."

Chekechea hiyo ilikuwa mali ya kikundi cha akina mama wa mtaa. Kila Jumamosi, baada ya vibarua vya wiki nzima, walikutana hapo wakavunja mawe kuwa kokoto. Walichanganya kokoto na mchanga na saruji, wakashindilia mchanganyiko ndani ya kalibu ya mbao, wakatoa matofali. Saruji waliinunua kwa faida ya mandazi waliyouza. Kidogo kidogo ukuta ukapanda mpaka ukawapita vichwa. Ila paa halikuwapo. Juu ya watoto palikuwa na turubai kuukuu, lenye matundu mengi hata Andati alikuwa akihesabu mawingu akiwa darasani.

Sasa masika yalikuwa yanakaribia. Afisa wa afya alikuwa amepita akasema waziwazi kwamba mvua ikiwakuta watoto bila paa, chekechea itafungwa. Jioni ile Nakhumicha alimketisha binti yake karibu na jiko.

"Nerima mwanangu, ikifungwa, itabidi wewe ukae nyumbani na Andati. Siwezi kumwacha peke yake, na kibarua changu cha kiwandani siwezi kukiacha. Tutakula nini?"

Nerima hakuuliza swali lolote usiku huo. Alikuwa darasa la sita, na mwaka uliofuata ulikuwa wa mtihani. Alijifunika blanketi kichwani akalia mpaka usingizi ukamchukua.

Basi ikaja habari njema. Kampuni moja ya sabuni, yenye kiwanda chake upande wa Eneo la Viwanda, ilikuwa ikivisaidia vikundi vya mitaa. Ingemtuma mtu Jumamosi aje aione chekechea, na akiridhika, kampuni ingetoa mabati.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Njogu, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Ijumaa jioni aliwakusanya wenzake.

"Nimesema na rafiki yangu wa Shauri Moyo," akaanza. "Ameniambia matajiri hufungua mkono wakiona machozi. Wakikuona unajiweza, wanakwenda zao. Na wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hiyo kesho tutawaonyesha uchi wetu wote!"

Kazi ikaanza. Ukuta mzima ulifunikwa kwa magunia makuukuu na vipande vya katoni, uonekane kama kibanda cha magunia tu. Kalibu ilifichwa chini ya kitanda cha Mama Njogu. Vibao vizuri walivyokuwa wakikalia watoto vikapelekwa nyumba ya jirani. Wazazi waliambiwa kesho walete watoto wakiwa miguu mitupu, na wenye nguo zilizochanika wavae hizo.

Nerima alikuwa akishikilia gunia upande mmoja, na rafiki yake Warigia, kitindamimba wa Mama Njogu, akilishikilia upande wa pili.

"Lakini Warigia," Nerima akanong'ona, "mtu anayetaka kukuezekea nyumba, si anataka kuona ukuta?"

"Weee! Mama asikusikie. Shika gunia."

"Na kampuni ya sabuni yenyewe inapata nini ikitupa mabati?"

"Mimi nitajuaje? Labda wana mabati mengi mpaka hawana pa kuyaweka. Shika gunia, Nerima!"

Wakati huo Mama Njogu alimwita Nerima. Kwa kuwa binti huyu alijua Kiswahili kizuri cha shuleni, alichaguliwa kuwahutubia wageni. Maneno yalikuwa machache: "Wageni wetu, sisi hatuna chochote. Hatuna nguvu, hatuna pa kushika, na hatujaanza lolote." Nerima aliyakariri upesi, lakini yalimkaa vibaya mdomoni.

Siku ya pili gari dogo lilisimama mbele ya chekechea. Nerima alitazamia tajiri mnene mwenye pete. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye viatu vya vumbi na macho makali, akajitambulisha kuwa ni Asenath kutoka kampuni ya sabuni. Aliwasalimu akina mama mmoja mmoja, akapita katikati ya watoto waliokaa chini kwenye udongo.

"Nerima!" Andati akapaza sauti. "Viatu vyangu mmeficha wapi?"

Mama Njogu akashikwa na kikohozi cha ghafla, kikohozi kirefu kweli. Bi Asenath alimtazama, kisha akamtazama Andati.

"Nimesikia habari za kikundi chenu," akasema. "Na ninyi wenyewe, mmefikia wapi na ujenzi?"

"Hatujafika popote, dada yangu," Mama Njogu akajibu kwa sauti ya kilio. "Sisi ni maskini tu."

Uso wa Bi Asenath ukanyong'onyea. "Poleni sana. Lakini niwaambie ukweli, kampuni yetu haiezeki hewa. Mwaka jana tulipeleka mabati mahali ambapo ukuta haukuwapo. Yalilala nje, yakatoweka moja moja. Tangu hapo tunawasaidia wale walioanza wenyewe. Nilitumaini ninyi mmeanza."

Lo! Akina mama walitazamana. Kusema kweli sasa kulikuwa ni kujianika mbele ya mgeni. Mama Njogu, kijasho kikimtoka, alimkonyeza Nerima aseme maneno yake, huenda machozi yakamlainisha mgeni moyo.

Nerima akasimama mbele. "Wageni wetu, sisi hatuna chochote. Hatuna nguvu..." Akamwona mama yake nyuma ya wenzake, ameificha mikono ndani ya leso. Mikono hiyo ilikuwa imejaa malengelenge ya kuvunja kokoto. "Hatuna pa kushika, na..."

Akisema kweli, atawaaibisha wakubwa wake. Akimalizia uongo, mgeni ataondoka, na yeye mwenyewe ataiacha shule. Lakini kilichomchoma zaidi kilikuwa ile mikono ndani ya leso. Alimgeukia Mama Njogu akapiga goti kidogo.

"Mama Njogu, naomba unisamehe. Siwezi kumaliza. Nikisema hatujaanza lolote, malengelenge ya mama yangu yametoka wapi?"

Bi Asenath akauliza taratibu, "Una maana gani, mwanangu?" Nerima aliinamisha kichwa, maana lililobaki halikuwa lake kulisema.

Nakhumicha ndiye aliyetoka. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukutani, akashika gunia, akalivuta mpaka chini. Matofali yakaonekana, yamepangwa sawasawa.

"Mama Njogu," akasema, "ulituambia mficha uchi hazai. Sisi tumeficha nguo, tukabaki uchi!"

Mama mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Mama Njogu hakucheka. Naye akaenda akavuta gunia la pili, na la tatu. Aliporudi, ile sauti ya kilio ilikuwa imekwisha.

"Dada Asenath, kosa ni langu. Hawa wenzangu walinitii tu."

"Mlitaka kunidanganya," Bi Asenath akasema.

"Ndiyo, tulitaka."

"Kama mmenidanganya kuhusu ukuta, nitajuaje kwamba hamtanidanganya kuhusu mabati?"

Swali hilo lilikuwa gumu kuliko yote aliyowahi kuuliza Nerima. Mama Njogu alifikiri, akasema, "Hutajua kwa maneno yangu. Njoo siku yoyote, saa yoyote, bila kutuambia. Utatukuta tulivyo."

Bi Asenath aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaupima kwa jicho kutoka pembeni, akataka kuona tofali linavyotengenezwa. Kalibu ikatolewa mbio chini ya kitanda. Nakhumicha alijifunga leso kiunoni, akachanganya, akashindilia, akainua kalibu, tofali likabaki limesimama. Bi Asenath naye akajaribu. Lake lilimomonyoka, wote wakacheka, hata yeye.

Nerima alipoona anacheka, udadisi ulimshinda. "Samahani, Bi Asenath. Kampuni ya sabuni inapata nini ikitoa mabati?"

"Nerima!" mama yake akamkemea.

"Mwache aulize, ni swali la haki. Sabuni yetu mnainunua ninyi, mwanangu, kwa hiyo sehemu ya faida tunairudisha mitaani. Na sisi pia twapenda watu waseme kampuni ile ni jirani mwema. Sioni haya kukuambia. Lakini jirani mwema haji kununua machozi. Anakuja kushika upande mmoja wa mzigo, ikiwa wewe umeushika wa pili."

Hakutoa ahadi. Alisema atawaeleza wenzake yote aliyoyaona, magunia na ukuta. Siku zilizofuata Nerima alitazama mawingu kwa hofu. Kisha asubuhi moja, bila taarifa, lile gari likarudi na kuwakuta akina mama wamepanda juu ya mapipa, wanapanga matofali ya mstari wa mwisho. Bi Asenath alikaa garini akawatazama kwa muda, akaondoka bila kuaga. Kabla ya wiki kwisha lori likaleta mabati.

Jumatatu moja mvua kubwa ilishuka kabla hakujapambazuka vizuri. Nerima alimfikisha Andati mlangoni wamejifunika plastiki moja. Mama Njogu alikuwa hapo akiwapokea watoto, na mabati yalivuma hata ikambidi apaze sauti, na sauti yake mnaijua.

"Nerima! Nilikuwa nataka kukuambia jambo! Umaskini si aibu, na kuomba si aibu! Aibu ni kuomba huku umeificha kazi ya mikono yako! Nilidhani ukweli utatunyima mabati, kumbe uongo ndio uliotaka kutunyima! Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Njogu!"

"Basi mwache huyu kwetu, hapa hapavuji! Na wewe kimbia shuleni!"

Nerima akakimbia.